MAISHA YA BIBI MARIE CURIE NA MABAKULI YAKE

Jina la Bibi Marie Curie si geni kwa mwanafunzi ye yote wa sayansi. Kila mmoja wetu ajua kwamba yeye na mumewe ndio waliovumbua radiamu, na kwamba yeye alipewa Tuzo ya Nobel mara mbili. Lakini nimeona kwamba wengi wetu tukiulizwa radiamu hiyo ilipatikana kwa njia gani, hunyamaza, au hudhani kwamba siku moja aliamka asubuhi akaiona mbele yake. Sivyo hata kidogo. Radiamu ilitoka katika mabakuli ya kuvukizia maji, kwa kazi ambayo wenzangu wengine katika maabara huiita kazi ya mpishi, tena hupenda kumwachia mwingine. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niandike habari za maisha yake katika gazeti letu, nikieleza zaidi habari ya mabakuli hayo, maana vitabu vingi huipita upesi.

Utoto na Masomo Yake

Bibi Curie alizaliwa tarehe 7 Novemba, 1867, katika mji wa Warsaw, nchi ya Polandi. Jina lake la kwanza lilikuwa Maria Skłodowska, naye alikuwa kitinda mimba wa watoto watano. Wakati huo sehemu ile ya Polandi ilikuwa chini ya utawala wa Warusi, na watoto walilazimishwa kusoma kwa lugha ya wageni. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia, na mama yake alikuwa amesimamia shule ya wasichana. Mama huyo alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1878, Maria akiwa na umri wa miaka kumi tu.

Mwaka 1883 Maria alimaliza shule ya sekondari akiwa wa kwanza, akapewa nishani ya dhahabu. Lakini nishani haikumfungulia mlango, maana chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Basi yeye na dada yake Bronia wakapatana. Maria atafanya kazi ya kufundisha watoto katika nyumba za matajiri, na mshahara wake utamsaidia Bronia kusomea udaktari mjini Paris; Bronia akifaulu, naye atamsaidia Maria. Maria akafanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na usiku akajisomea mwenyewe hisabati na fizikia. Ndugu msomaji, yafikiri mapatano hayo. Msichana mwenye nishani ya dhahabu alikubali kungoja miaka mingi ili dada yake atangulie.

Mwezi wa Novemba, 1891, akafika Paris, akaingia chuo cha Sorbonne. Alikaa katika chumba kidogo chenye baridi kali, akala chakula haba. Mwaka 1893 akapata shahada ya fizikia akiwa wa kwanza katika kundi lake, na mwaka 1894 akapata shahada ya hisabati akiwa wa pili. Mwaka huo wa 1894 alikutana na Bwana Pierre Curie, mtaalamu wa fizikia, wakaoana mwezi wa Julai, 1895. Binti yao wa kwanza, Irène, alizaliwa mwaka 1897, na wa pili, Ève, mwaka 1904.

Jiwe Lenye Siri

Mwaka 1896 mtaalamu mmoja Mfaransa, Henri Becquerel, aliona kwamba madini ya uraniamu hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, nayo hupenya karatasi nyeusi na kuacha alama juu ya bamba la picha. Bibi Curie akaichagua mionzi hiyo iwe kazi yake ya kutafuta shahada ya udaktari. Wengine walikuwa wakitazama picha tu, lakini yeye akataka kupima. Alitumia chombo cha kupimia umeme mdogo sana, ambacho Pierre na kaka yake Jacques walikuwa wamekitengeneza, kwa kuwa mionzi ile huifanya hewa ipitishe umeme.

Akapima madini mengi, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye jiwe moja jeusi na zito liitwalo pichiblendi, alistaajabu. Jiwe hilo lilitoa mionzi mingi kuliko uraniamu safi yenyewe. Akapima tena na tena, jibu likawa lile lile. Basi ikambidi kufikiri kwamba ndani ya jiwe mna kitu kingine, kichache sana, chenye nguvu kupita uraniamu. Pierre akaacha kazi zake akaja kumsaidia. Mwezi wa Julai, 1898, wakatangaza elementi mpya, wakaiita poloniamu kwa heshima ya Polandi. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wakatangaza ya pili, nayo ndiyo radiamu.

Hata hivyo wataalamu wa kemia hawakutosheka. Desturi yao ni kwamba elementi haihesabiwi mpaka imetengwa, imewekwa juu ya mizani, na uzito wa atomu yake umejulikana. Mionzi peke yake haikuwa ushahidi wa kutosha. Ilibaki kazi ya kuitoa radiamu ndani ya jiwe.

Kibanda cha Paris

Serikali ya Austria iliwapa tani moja ya mabaki ya pichiblendi kutoka machimbo ya Joachimsthal, ambako watu walikwisha kutoa uraniamu na kuyatupa mabaki msituni. Yalifika Paris katika magunia, vumbi la rangi ya kahawia lililochanganyika na majani ya misonobari. Mahali pa kazi walipopewa palikuwa kibanda kibovu katika uwanja wa shule alikofundisha Pierre. Hapo zamani kilitumiwa na wanafunzi wa udaktari kupasulia maiti. Paa lake la vioo lilivuja mvua. Wakati wa joto kilikuwa kama tanuri, na wakati wa baridi jiko lake moja halikutosha. Hakikuwa na bomba la kutolea moshi wenye sumu, kwa hiyo kazi za moshi zilifanyiwa nje uwanjani, na mvua ikinyesha vyombo vilirudishwa ndani na madirisha yakaachwa wazi.

Bibi Curie alichemsha mabaki hayo katika masufuria makubwa, kilo ishirini kwa mara moja, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia urefu wake mwenyewe. Baadaye kiwanda kimoja cha kemikali kilisaidia kazi hiyo nzito ya kwanza, ikisimamiwa na mwenzao André Debierne. Tani moja ya mabaki ilipokwisha kusafishwa, ilibaki kama kilo nane tu za chumvi nyeupe, kloridi ya bariamu iliyojificha radiamu ndani yake. Nguvu ya mionzi ya chumvi hiyo ilikuwa kama mara sitini ya uraniamu. Hapa ndipo kazi ya mabakuli ilipoanza.

Kazi ya Mabakuli

Bariamu na radiamu hufanana sana, hata hakuna dawa rahisi ya kuzitenga. Tofauti yao ni hii: kloridi ya radiamu huyeyuka katika maji kwa shida kidogo kuliko kloridi ya bariamu. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini Bibi Curie aliishika kama mtu ashikavyo uzi katika giza.

Aliiyeyusha chumvi katika maji safi ya kukeneka, akachemsha, maji yakaondoka kwa mvuke mpaka mmumunyo ukawa umeshiba. Kisha akalifunika bakuli na kuliacha lipoe. Fuwele nzuri zikatua chini, na maji yakabaki juu. Akayamimina maji hayo katika bakuli la pili. Alipopima pande zote mbili, fuwele zilikuwa na nguvu kama mara tano ya chumvi iliyobaki katika maji. Bakuli moja limekuwa mabakuli mawili, moja lenye nguvu na moja dhaifu.

Akarudia kazi ile ile kwa kila bakuli, akapata mafungu manne. Lakini fungu dhaifu la bakuli lenye nguvu, na fungu lenye nguvu la bakuli dhaifu, yalikaribiana; basi akayachanganya, yakawa mafungu matatu. Safari iliyofuata yakawa manne, kisha matano, hata sita. Akaacha kuyaongeza. Tangu hapo maji ya bakuli moja yalimiminwa juu ya fuwele za bakuli linalofuata, na safu yote ikavukizwa na kupozwa tena. Mwisho mmoja wa safu, chumvi iliyokuwa dhaifu sana ilitolewa na kuwekwa kando. Mwisho wa pili, fuwele zenye nguvu sana zilitengwa na kutunzwa. Hivyo radiamu ilisogea upande mmoja na bariamu upande wa pili, hatua kwa hatua, kama watu wawili wanaoagana njiani polepole.

Sasa, ndugu wanafunzi wenzangu, naomba mtazame jambo moja. Katika kazi ya namna hii haitoshi bakuli moja likichemshwa vizuri. Mabakuli yote ya safu lazima yafikishwe katika shibe inayolingana. Bakuli likivukizwa kupita kiasi, bariamu nayo itatua kwa wingi pamoja na radiamu, na kazi ya siku nyingi itarudi nyuma. Likivukizwa kidogo mno, fuwele hazitatua, na bakuli linalofuata litakosa haki yake. Moto ukiwa mkali, maji hurukaruka, na kila tone linaloruka huchukua mali. Tena mabakuli hayakauki sawasawa yenyewe. Lililo karibu na jiko hupata joto zaidi, lililo karibu na dirisha hupulizwa na upepo, na lenye mdomo mpana hutoa mvuke upesi kuliko lenye mdomo mwembamba. Sisi wenyewe tukivukiza maji ya mrututu ili kupata fuwele za buluu, huona kwamba vikundi viwili vilivyopewa kiasi kimoja havimalizi pamoja, na fuwele zao hazifanani. Kwetu kosa lake ni alama chache katika daftari. Kwa Bibi Curie bakuli moja lilibeba mavuno ya magunia mengi.

Adui mwingine alikuwa vumbi. Kibanda hakikuzibwa vizuri, na chembe za mavumbi na makaa ya mawe ziliingia katika vyombo vilivyokwisha kusafishwa kwa taabu. Kila bakuli lililoingiwa na uchafu lilipaswa kurudishwa nyuma na kusafishwa upya. Na kadiri chumvi ilivyozidi kuwa safi ndivyo ilivyozidi kuwa chache, hata ikawa shida kupata mmumunyo wa kushiba. Hapo alitia asidi ya haidrokloriki ndani ya maji, maana chumvi hizo haziyeyuki sana ndani ya asidi, kwa hiyo kidogo kilitosha kushibisha.

Pierre alipoona ugumu huo alitamani kazi ya kutenga iachwe mpaka wapate mahali pazuri. Mkewe hakukubali. Mwaka 1902, miaka minne tangu walipoitangaza radiamu, Bibi Curie alipata gramu 0.1 ya kloridi ya radiamu safi. Ni pungufu ya chumvi ambayo mpishi huibana kwa vidole viwili. Akaipima, akapata uzito wa atomu kuwa 225. Leo tunajua kuwa ni 226. Wataalamu wa kemia wakakubali. Usiku, yeye na mumewe walizoea kwenda kibandani bila taa, wakaona vyombo vyao mezani vikitoa mwanga hafifu gizani kila upande.

Heshima na Msiba

Mwezi wa Juni, 1903, akapata shahada ya udaktari, na mwaka huo huo Bibi Curie, Pierre na Becquerel wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Yeye na mumewe walikataa kuifanya njia yao ya kutenga radiamu kuwa mali ya siri. Waliwaeleza wote waliouliza, ingawa wangeweza kutajirika.

Tarehe 19 Aprili, 1906, Pierre aligongwa na gari la farasi katika barabara moja ya Paris, akafa pale pale. Bibi Curie akabaki na watoto wawili, mdogo hajatimiza miaka miwili. Chuo kikampa kazi ya mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwaka 1910, pamoja na Debierne, akaipata radiamu yenyewe ikiwa metali tupu. Mapema mwaka 1911 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilimnyima kiti, lakini kabla mwaka haujaisha akapewa Tuzo ya Nobel ya pili, ya kemia.

Vita Kuu ya 1914 ilipoanza, alitengeneza magari yenye mashine za eksirei, akayapeleka karibu na mapigano ili madaktari waone risasi na mifupa iliyovunjika. Binti yake Irène alimsaidia katika kazi hiyo tangu akiwa na miaka kumi na saba, umri wangu mimi ninayeandika haya.

Baada ya vita, ikaonekana kwamba yeye aliyewafundisha watu kupata radiamu hakuwa na gramu moja ya kufanyia utafiti. Wanawake wa Marekani wakachanga fedha, na mwaka 1921 Rais Harding akamkabidhi gramu moja. Bei yake ilikuwa dola 100,000. Miaka hiyo hiyo madini ya Shinkolobwe, huko Katanga nchini Kongo, yalianza kupelekwa Ubelgiji, na kuanzia mwaka 1922 radiamu ikatolewa humo kiwandani kwa kutua fuwele hatua kwa hatua, kama kibandani Paris. Hivyo kazi ya mabakuli iligusa hata ardhi ya watu wanaosema Kiswahili.

Gharama Yake

Nisingekuwa mkweli kama ningesifu kazi hii nikanyamaza juu ya gharama yake. Bibi Curie alishika vyombo kwa mikono mitupu, akavuta mvuke na vumbi lake, na ncha za vidole vyake ziliungua na kuwa ngumu. Wakati ule hatari ya mionzi haikujulikana vema, na dalili zake zilipoanza kuonekana, yeye hakupenda kuamini. Alikufa tarehe 4 Julai, 1934, kwa ugonjwa wa damu, kwa kuwa uboho wa mifupa yake ulikuwa umeharibiwa. Mwaka uliofuata Irène na mumewe Frédéric Joliot wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia, lakini mama hakuwapo kuiona. Mwaka 1995 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, mahali wanapozikwa mashujaa wa Ufaransa. Madaftari yake ya kazi yangali yakitoa mionzi, nayo hutunzwa Paris katika masanduku ya risasi.

Siku hizi maabara kubwa zina mashine za kuvukiza sampuli nyingi kwa pamoja. Mashine nyingine huzungusha mirija kwa kasi huku zikiondoa hewa, ili kimiminika kichemke kwa joto dogo bila kurukaruka. Nyingine hupuliza gesi ya naitrojeni kidogo kidogo katika kila mrija, na bamba moja la chuma hugawa joto ili mrija wa pembeni na wa katikati yapate sawa. Mvuke wenye madhara hunaswa, haumfikii mfanyakazi. Nikisoma habari za mashine hizo naona kwamba zinatafuta jambo lile lile alilolitafuta Bibi Curie kwa macho na mikono yake: kila chombo kipate haki yake, kisikauke kabla ya wenzake wala kuchelewa nyuma yao.

Wenzangu wa kidato cha nne, baada ya mitihani tutatawanyika, na baadhi yetu tutaingia katika maabara za hospitali, za viwanda, au za kupimia maji na udongo. Huko hatutapewa radiamu ya kuvumbua. Tutapewa safu ya mirija, na nyuma ya kila mrija yupo mtu anayengoja jibu: mgonjwa, au mkulima, au kijiji kinachotaka kujua kama kisima chake ni salama. Tukiuharakisha mmoja na kuusahau mwingine, jibu la mtu litakuwa uongo. Basi tusiidharau kazi ya mabakuli. Tuifanye kwa uvumilivu wa Bibi Curie, lakini tuvae glavu ambazo yeye hakuvaa, na tufungue madirisha.